Marehemu Mwalimu Nyerere na Darasa la Tano

Wengi wetu twajua jinsi Marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alivyodai Uhuru. Mimi nataka kuwaeleza wasomaji jambo ambalo wenzangu hulipita upesi, yaani jinsi alivyolifikia darasa la tano.

Alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, kabila dogo tu. Alichunga mbuzi mpaka alipotimia miaka 12, ndipo mwaka wa 1934 akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, yapata maili 26 kutoka kwao. Alikuwa hodari sana, akarushwa darasa, na mwisho wa 1936 akafaulu mtihani wa darasa la nne.

Hapo ndipo watoto wengi wa mashamba walipokomea. Shule zenye madarasa ya kati zilikuwa chache mno, na mtoto, hata awe na akili namna gani, alirudi kwao kuchunga. Kambarage alipata nafasi ya Serikali, akaja hapa Tabora mwaka wa 1937, katika mji huu ambao zamani wapagazi wa misafara walipumzika wakielekea Ujiji. Shule aliyoingia ilifunguliwa mwaka wa 1925, hasa kwa ajili ya wana wa machifu. Basi tuseme kweli: akili zake zilimsaidia, na utemi wa baba yake ulimsaidia pia. Bila shaka Butiama walikuwako wavulana wengine wenye akili, na wasichana vilevile, wala hakuna aliyewatafuta.

Kutoka hapa alikwenda Makerere. Mwaka wa 1946 akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, na jioni akawafundisha watu wazima Kiingereza bila malipo.

Alipokuwa Rais, TANU ilikutana Musoma, mji ule ule, mwaka wa 1974, ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate shule ya msingi mpaka darasa la saba. Walimu hawakutosha, hata vijana waliomaliza la saba wakafunzwa ualimu. Tena nafasi za sekondari zilibaki chache, kwa hiyo wengi sasa walikomea la saba badala ya la nne. Walakini mtoto wa mchungaji, ambaye baba yake si mtemi, alilifikia darasa la tano karibu na kwao.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.