Kazadi Mwamba, golikipa wa makombe manne anayekumbukwa kwa dakika 21

Golikipa Robert Kazadi Mwamba, mzaliwa wa Lubumbashi, alikaa langoni dakika 21 tu siku Zaire ilipochapwa 9-0 na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia la 1974. Mabao matatu yalimpita yeye, sita yakampita mwenzake. Hata hivyo, nje ya Katanga jina lake hutajwa zaidi pamoja na kipigo kile, na hiyo si haki kwa mtu aliyebeba makombe manne ya Afrika.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1947, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Ekipe aliyoichezea, ile inayofanya komine ya Kamalondo isilale siku ya ushindi, ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini wa shule ya Saint-Boniface. Baadaye ilichukua jina la Englebert, kampuni ya matairi, na kunako 1966, baada ya msimu bila kushindwa, ikajiongezea Tout Puissant. Jina la Mazembe lilikuja wakati wa Mobutu, pale majina ya kigeni yalipofutwa. Robert naye akabaki Kazadi Mwamba.

Kati ya 1967 na 1970 Englebert ilicheza fainali nne mfululizo za Kombe la Vilabu Bingwa Afrika. Ile ya kwanza, dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana, iliisha kwa sare mbili, 1-1 na 2-2. Mechi ya tatu ikapangwa, Kotoko hawakutokea, kombe likaja Lubumbashi. Waliosema ni kombe la mezani walijibiwa katika fainali iliyofuata: Étoile Filante ya Lomé ilifungwa 5-0, na ushindi wake wa 4-1 katika marudiano haukutosha. Fainali mbili zilizobaki zilipotea, moja mikononi mwa Ismaily ya Misri, nyingine mikononi mwa Kotoko hao hao.

Katikati ya miaka hiyo taifa nalo lilishinda. Tarehe 21 Januari 1968, Addis Ababa, Kongo iliifunga Ghana 1-0 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Bao lilikuwa la Pierre Kalala Mukendi wa Englebert. Kazadi alikuwa na miaka 20.

Miaka sita baadaye, mwezi Machi 1974 nchini Misri, Léopards walichukua kombe la pili. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Ndaye Mulamba akamaliza kazi kwa mabao mawili. Zaire ilikuwa tayari imepata tiketi ya Ujerumani Magharibi, nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia.

Kocha wao alikuwa Blagoja Vidinić, Myugoslavia mzaliwa wa Skopje. Yeye mwenyewe alikuwa golikipa: alisimama langoni kwenye fainali ya kwanza ya Kombe la Ulaya, mwaka 1960, na mwaka huo huo alikuwa katika ekipe iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Roma. Alipogeukia ukocha aliipeleka Morocco Mexico 1970, kisha akaja Kinshasa. Kama kuna mtu aliyejua uchungu wa golikipa kuokota mipira wavuni, ni yeye.

Mechi ya kwanza haikuwa aibu: Scotland ilishinda 2-0 tu. Kisha mambo yakaharibika ndani ya kambi. Wachezaji walisimulia miaka mingi baadaye kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba walitaka kususia mechi. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, waliingia uwanjani kukutana na nchi ya kocha wao wakiwa na mioyo mizito. Hadi dakika ya 18 ilikuwa 3-0. Dakika ya 21 Vidinić alimtoa Kazadi, ambaye hakuwa ameumia, akamwingiza Dimbi Tubilandu wa AS Vita Club, mfupi kwa kazi ya langoni. Punde tu bao la nne likaingia, na Ndaye akafukuzwa kwa kosa la mwenzake.

Kwa nini Kazadi alitolewa? Baadhi walimshuku kocha kwa sababu ya asili yake. Wengine walieleza kwamba agizo lilitoka kwa wakubwa wa michezo waliosafiri na ekipe. Kwa vyovyote vile, kumtoa golikipa mzima hakukuzuia chochote.

Siku nne baadaye, mbele ya Brazil, Kazadi alirudishwa langoni. Ilikuwa 3-0. Bao la tatu, shuti la Valdomiro ambalo angeweza kulizuia, ndilo lililoivusha Brazil na kuitoa Scotland kwa tofauti ya bao moja. Hilo ni kosa lake, na halifai kufichwa.

Kazadi alifariki mwaka 1996, kabla ya kufikisha miaka 50. Mazembe walisubiri miaka 41 kupata tena kombe la vilabu bingwa, na walipolitwaa mwaka 2009, langoni alikuwa Robert mwingine, Kidiaba, ambaye baada ya kustaafu alianza kuwafundisha magolikipa.