Bobby Darin, moyo uliopewa miaka 16

Kama uliwahi kutazama Finding Nemo hadi pale majina yanapopanda kwenye skrini, basi wimbo wa Beyond the Sea umeusikia. Anayeimba pale ni Robbie Williams, lakini aliyeufanya wimbo huo ujulikane kwa Kiingereza ni jamaa wa kitambo, Bobby Darin. Huyu aliimba, akacheza sinema na kutesa jukwaani akijua kwamba moyo wake una kasoro. Na stori yake ilianza na kitu ambacho hata wewe umewahi kuugua: koo.

Alizaliwa Mei 14, 1936 mtaa wa East Harlem jijini New York, jina lake halisi likiwa Walden Robert Cassotto. Kwao pesa zilikuwa za kuhesabu. Alipofika umri wa miaka minane akapatwa na homa ya baridi yabisi, na haikumjia mara moja tu. Viungo vilimuuma kiasi kwamba hata kuguswa ilikuwa mateso. Siku moja akamsikia daktari akiwaambia watu wa nyumbani kwamba mtoto huyu akifika miaka 16 itakuwa bahati. Hayo hayakuwa maneno ya masikio yake. Hebu fikiria uko shule ya msingi na tayari umeshapangiwa mwisho.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Kuna bakteria wanaoitwa streptokoka ambao hushambulia koo, hasa la mtoto wa kati ya miaka 5 na 15. Mwili ukianza kupigana nao, wakati mwingine unachanganyikiwa na kugeukia viungo vyake wenyewe, pamoja na vali za moyo. Vali ni kama geti linalofunguka upande mmoja tu: damu inapita, geti linafungwa, damu hairudi nyuma. Zako ziko nne. Zikipata makovu hukakamaa, ama hazifunguki vizuri ama hazifungi sawasawa, na moyo unabaki kusukuma damu ileile mara mbili mbili.

Dawa ya koo hilo ni penisilini, na ni dawa ya bei nafuu. Shida ni kwamba Marekani ilianza kuuzwa kwa raia wa kawaida mwaka wa 1945, kwani wakati wa vita ilikuwa ikienda kwa wanajeshi. Dogo wa Harlem alishaugua tayari. Yeye unaweza kumwelewa. Lakini sisi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 wanaishi na vali zilizoharibiwa na ugonjwa huu, wengi wao katika nchi kama hizi zetu, na hata hapa Kenya bado kuna watoto wanaosubiri upasuaji. Mtoto anaumwa koo, anapewa maji ya moto na limau, yanaisha. Pengine na koo lenyewe ndilo lililoisha, moyo la.

Darin aliamua kukimbia mbele ya ule utabiri. Alikuwa na kichwa, alisoma shule ya wanasayansi wachanga ya Bronx, kisha akajiunga na Hunter College na kuacha masomo ili aimbe (hapo mimi siwezi kumsema, hata mimi chuo kilinishinda kumaliza). Alijua piano, ngoma na gita. Mwaka wa 1958, akiwa na miaka 22, akatoa Splish Splash. Mwaka uliofuata Mack the Knife ikakaa nambari moja Marekani kwa wiki tisa na kumletea tuzo ya Grammy. Aliwaambia wanahabari kwamba anataka kuwa gwiji kabla ya kufika miaka 25. Wengi walimwona ana maringo. Mimi nikipiga hesabu naona mtu aliyekuwa akiishi kwa muda wa nyongeza.

Akamwoa mwigizaji Sandra Dee mwaka wa 1960, wakapata mtoto wa kiume, wakaachana 1967. Alitajwa kuwania Oscar kwa sinema ya Captain Newman, M.D. Halafu 1968 ikamvunja. Robert Kennedy, mwanasiasa aliyempigia kampeni, akauawa. Mwaka huohuo akaambiwa kwamba Nina, aliyekuwa akimjua kama dadake mkubwa, ndiye mamake mzazi, na yule aliyemwita mama ni nyanyake. Akauza mali, akaenda kuishi kwenye trela huko Big Sur, California.

Mwanzoni mwa 1971 madaktari wakampasua na kumwekea vali mbili za bandia. Akarudi Las Vegas kuimba na kupata kipindi chake cha televisheni. Watazamaji waliona suti na miguu inayocheza. Nyuma ya pazia palikuwa na mtungi wa oksijeni.

Sasa hapa ndipo watu hudanganyana. Hakuna chakula kinachorekebisha vali iliyoharibika, hata kitunguu saumu, tangawizi au ule mchanganyiko unaotumiwa kila siku kwenye kikundi cha familia. Kinachoweza kufanywa na chakula ni kuupunguzia moyo mzigo. Chumvi huvuta maji mwilini na kupandisha presha, na moyo wenye vali mbovu ndio unaoumia kwanza. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na hiyo inahesabu chumvi ya mchuzi, ya soseji, ya krispi na ile unayonyunyizia chipsi kabla hata hujazionja. Maharagwe, ndengu, samaki, matunda, mboga: bana, si lazima uende supamaketi ya matajiri.

Mboga zenyewe zina mambo. Mtu aliyewekewa vali ya chuma hunywa warfarini ili damu isigande juu yake. Sukuma wiki, mchicha na managu zina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Haimaanishi aache sukuma. Inamaanisha ale kiasi kilekile wiki hadi wiki na aende kupimwa damu, asije akala rundo zima leo kisha asiguse mboga mwezi mzima.

Na kuna meno, ambayo nani huyafikiria? Ufizi ukiguswa na vifaa vya daktari, bakteria wa mdomoni huingia kwenye damu. Kwako wewe huwa hawadumu. Kwa mwenye vali ya bandia wanaweza kukita hapohapo kwenye vali na kuzaliana. Ndiyo maana huambiwa anywe antibiotiki takriban saa moja kabla ya kung'olewa jino au kusafishwa ufizi, na apige mswaki kila siku bila kukosa.

Mwaka wa 1973 Darin alienda kwa daktari wa meno bila kunywa dawa hizo. Damu yake ikaingiwa na sumu ya bakteria, mwili ukadhoofika, na vali moja ikaathirika. Desemba 11 akalazwa katika hospitali ya Cedars of Lebanon, Los Angeles. Usiku wa tarehe 19 timu ya madaktari ilifanya kazi kwenye moyo wake kwa zaidi ya saa sita. Alifariki tarehe 20 bila kuzinduka, akiwa na miaka 37.

Ukienda kutafuta kaburi lake hutaliona. Alikuwa ameacha agizo kwamba mwili wake upewe chuo kikuu cha UCLA, madaktari wautumie kufanya utafiti.