Dekha Ibrahim: Aliyeanza na soko kabla ya serikali

Ukitoka Wajir mjini kuelekea Mandera unapita Tarbaj. Ni nchi ya ngamia, visima na mwendo mrefu. Kwa miaka mingi mkaazi wa huko aliiona serikali kwa namna mbili tu: mwanajeshi au kutokuwepo kabisa. Hali ya hatari iliyowekwa baada ya uhuru ilidumu karibu miaka 30, na mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 yalitokea ndani ya kipindi hicho.

Kuna wanafikra wa Ulaya waliodai kwamba binadamu wanaweza kujitawala bila dola, na fikra hiyo ikaitwa anakia. Sisi tukilisikia neno hilo tunafikiria fujo tu. Wajir ya mwanzoni mwa miaka ya 90 iliyaona yote mawili, fujo na kujitawala, na aliyekuwa katikati ni mwanamke aliyekuja kuwa jirani yetu hapa Mombasa, Dekha Ibrahim Abdi.

Alizaliwa Wajir mwaka 1964. Mwaka 1992 ukame ulikuwa umemaliza mifugo, silaha zilikuwa zikivuka kutoka Somalia iliyosambaratika, na koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zikapigana. Dekha alisimulia kwamba usiku mmoja alijificha chini ya kitanda na mwanawe, risasi zikipita. Asubuhi mamake akamkumbusha kwamba miaka ya 60 yeye naye alimficha vivyo hivyo, Dekha akiwa mtoto mdogo. Basi swali likawa ni nani atakayejificha na mjukuu.

Hawakwenda kwa mkuu wa wilaya kwanza. Wanawake wachache walizungumza harusini, kisha wakaanzia pale walipokuwa na nguvu zao wenyewe, yaani sokoni. Vita vilikuwa vimeingia hadi kwenye maziwa, muuzaji wa ukoo huu hamuuzii mnunuzi wa ukoo ule. Wakaweka kamati ya kuangalia soko, kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa nasaba. Jambo dogo hilo, lakini bila hilo wazee wasingekuwa na pa kuanzia.

Kisha wakawaendea wazee, na hapa akili yao naisifu. Upatanishi uliongozwa na mzee wa ukoo mdogo, usiokuwa na upande katika vita. Septemba 1993 wazee wakatia saini Azimio la Al-Fatah. Likaja kundi la dharura la wazee, mashekhe, wanawake na maafisa wa usalama. Mnyama akiibwa au mtu akiuawa, linafika kabla ya kisasi. Mwaka 1995 juhudi hizo zikaunganishwa na utawala wa wilaya zikawa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, Dekha akiwa katibu. Yeye hakuwa adui wa serikali. Aliitaka ije kukaa mkekani pamoja na wengine. Mtindo huo baadaye ulisambaa wilaya nyingine za Kenya.

Dekha alikuwa Muislamu wa kweli, na kazi yake aliijenga juu ya dini. Alifundisha kwamba mpatanishi huanza kwa kuihesabu nafsi yake.

Hapo ndipo penye mzozo. Mila ya diya huubebesha ukoo mzima mzigo wa mtu mmoja. Azimio la Modogashe la 2001 liliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Diya imezuia visasi vingi, hilo halina ubishi. Lakini muuaji anayelipiwa na binamu zake anabakia na jukumu gani? Na inakuwaje amani iliyoanzishwa na wanawake iwapime wanawake kwa nusu? Wako watakaosema ndiyo mila, na kwamba mahakama iko mbali. Kwangu mimi jibu hilo halitoshi. Watu wakijitawala, wenye sauti kubwa ndio huandika kanuni, na waliofanya kazi ya mwanzo hukuta kikao kimeshafungwa.

Mwaka 2007 Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood, iitwayo na wengi Nobel mbadala. Wiki chache baadaye nchi ikawaka baada ya uchaguzi, naye akaungana na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na George Wachira katika kundi la wananchi la kutafuta amani. Mbinu za Wajir zikahitajika Nairobi, kwa watu waliokuwa wakiiona Wajir kama nyuma ya dunia.

Julai 2011, akisafiri kuelekea Garissa, gari lao lilipata ajali. Mumewe na dereva walifariki, na yeye akafuata tarehe 14 mwezi huo akiwa na miaka 47. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.