Fahamu maisha ya Sidi Mubarak Bombay, kutoka utumwani hadi kwenye mitumbwi ya Ziwa Tanganyika

Hasamba. Siku hizi kuna watu wanapanda ndege mpaka Norway na kulipa hela nyingi, ili tu wakae kwenye kayaki, wapige kafi kando ya milima inayoishia baharini, usiku walale kwenye hema ufukweni na kesho yake waendelee. Kwao hayo ndiyo mapumziko.

Zaidi ya miaka 160 iliyopita, Mwafrika mmoja alizunguka kwa namna hiyohiyo kwenye Ziwa Tanganyika. Ila yeye hakwenda kupumzika. Alikuwa kazini, chombo chake kilikuwa gogo la mti lililochongwa, na abiria wake walikuwa wagonjwa.

Anafahamika kama Sidi Mubarak Bombay. Wazungu aliowaongoza wameandikwa kwenye vitabu vya historia vinavyosomwa shuleni. Yeye wengi hawamjui kabisa.

Jina lake la kuzaliwa lilipotea

Bombay alikuwa Myao, aliyezaliwa miaka ya 1820 hivi katika eneo la mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa bado mtoto, wafanyabiashara wenye bunduki walivamia kijiji chao wakidai deni la bidhaa walizokuwa wamekopesha. Waliokamatwa wakapelekwa Kilwa, na yeye akiwemo.

Huko akauzwa kwa mfanyabiashara aliyemchukua mpaka India. Alikaa huko miaka mingi, na hapo ndipo lilipotokea jina la Bombay. Sidi ni neno lililotumika India kuwaita watu wenye asili ya Afrika. Yaani hata jina alilokufa nalo alipewa ugenini. Lile alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote.

Bwana wake alipofariki, Bombay akawa huru. Akapanda chombo na kurudi Zanzibar, kisha akajiunga na askari wa Sultani kwenye ngome ya Chogwe, karibu na Pangani.

Kihindustani kikampa kazi

Mwaka 1857, Waingereza wawili walipita Chogwe. Mmoja aliitwa Richard Burton, mwingine John Hanning Speke. Walikuwa wanajiandaa kwenda bara kutafuta maziwa makubwa na chanzo cha Mto Nile.

Speke hakujua Kiswahili. Lakini aliwahi kuwa ofisa wa jeshi huko India, hivyo alizungumza Kihindustani. Bombay naye alikijua kutokana na miaka yake ya utumwa. Basi lugha aliyojifunza akiwa mali ya mtu ndiyo iliyomfungulia mlango.

Msafara uliondoka pwani Juni 1857, ukapita Tabora, na Februari 1858 ukafika Ujiji. Burton alikuwa hawezi kutembea. Speke macho yalikuwa yameathirika kiasi kwamba ziwa lenyewe alilionea ukungu.

Safari ya kwanza majini

Mwezi uliofuata, Speke alitaka kuvuka upande wa magharibi kumtafuta tajiri mmoja Mwarabu aliyekuwa na jahazi, ili walikodi. Burton akabaki Ujiji akiumwa. Speke akaondoka na Bombay pamoja na wapiga kafi wa Ujiji.

Ziwa lile sio la kuchezea. Lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Mtumbwi wa gogo ukikutwa katikati na dhoruba, hauna pa kukimbilia.

Ndiyo maana wapiga kafi walifuata ufukwe kwanza, wakaegesha kila hali ya hewa ilipochafuka, na kulala nchi kavu. Kuvuka walivuka pale tu maji yalipotulia. Ni utaratibu uleule wa wapiga kayaki wa leo: unakaa karibu na nchi kavu na unasoma upepo.

Wakiwa njiani, usiku mmoja mdudu aliingia sikioni mwa Speke. Akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo, akajiumiza, na sikio hilo likapoteza uwezo wa kusikia. Jahazi lenyewe hakulipata. Walirudi Ujiji baada ya karibu mwezi mmoja mikono mitupu, isipokuwa na habari moja: kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani.

Neno moja lililobadilisha ramani

Habari hiyo ilikuwa nzito. Kama mto unatoka ziwani kuelekea kaskazini, huenda ndio Nile wenyewe.

Aprili 1858, Burton na Speke wakakodi mitumbwi miwili na kwenda kaskazini mpaka Uvira, nchi ambayo sasa iko Kongo. Wenyeji wakawaambia wazi kwamba mto Ruzizi hautoki ziwani, bali unaingia.

Hapo ndipo Bombay akaeleza kwamba hata yule Mwarabu alikuwa amesema hivyo. Ni Speke aliyeelewa vibaya. Maneno yalikuwa yamepita kwenye mdomo wa Mwarabu, yakafika kwa Bombay, yakageuzwa Kihindustani, ndipo yakaingia kwenye daftari la Kiingereza. Kosa la tafsiri liliwapeleka watu majini kwa wiki kadhaa.

Mambo yakahamia kwingine. Agosti 1858, Speke na Bombay walifika eneo la Mwanza bila Burton na kuliona ziwa ambalo Speke alilipa jina la malkia wake, Victoria. Wenyeji waliliita Nyanza siku zote.

Meno ya mbele

Mwaka 1860 Speke alirudi na James Grant, na Bombay akaajiriwa tena, safari hii akiwa miongoni mwa viongozi wa wapagazi. Walipita Karagwe na Buganda, na Julai 1862 Speke akafika mahali Nile unapotoka Nyanza. Kundi likashuka mpaka Misri mwaka 1863, na Bombay na wenzake wakapigwa picha Cairo.

Lakini kwenye safari hiyohiyo, kulitokea mabishano kambini na Speke akampiga Bombay ngumi. Pengo la meno ya mbele alilobaki nalo lilitokana na kipigo hicho. Mtu aliyekwisha kuwa huru alikuwa bado anapigwa na mwajiri wake.

Bombay mwenyewe hakuwa malaika. Alipenda pombe, na mara nyingine mizigo ilipotea akiwa zamu. Ila kila msafara mpya ulipofika Zanzibar, jina lake ndilo lililotajwa mapema.

Stanley naye akamhitaji

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alifika akimtafuta David Livingstone. Akamchukua Bombay kuwa kapteni wa askari wake. Novemba mwaka huo wakamkuta Livingstone Ujiji.

Muda mfupi baadaye, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kuthibitisha habari za Ruzizi. Bombay alikuwemo, kwenye maji aliyokwisha kuyapita miaka 13 nyuma. Jibu likawa lilelile walilotoa wenyeji: mto unaingia.

Katika safari hiyo wezi waliuvamia mtumbwi usiku, wakaondoka na risasi, unga, sukari na kamba ya kupimia kina cha maji. Bombay na Susi, mtumishi wa Livingstone, walikuwa wamelewa na kulala fofofo. Stanley hakulisahau hilo.

Kutoka bahari hadi bahari

Safari yake ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote. Mwaka 1873 aliondoka Bagamoyo na Verney Lovett Cameron. Wakiwa Tabora wakakutana na watu waliobeba mwili wa Livingstone kuupeleka pwani. Wazungu wenzake Cameron wakaishia hapo, mmoja wao alikuwa amekwisha kufariki njiani. Msafara ukaendelea.

Kati ya Machi na Mei 1874, Cameron alilizunguka ziwa upande wa kusini kwa mitumbwi miwili, akihesabu mito 96 inayoingia. Mwezi Mei akaukuta Lukuga, mto unaotoka ziwani kuelekea magharibi. Swali lililowasumbua tangu 1858 likapata jibu: maji ya Tanganyika huenda Kongo, hayaendi Nile.

Novemba 1875 msafara ulitokea Benguela, Angola, kwenye Bahari ya Atlantiki. Bombay alikuwa ameivuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Inakadiriwa kwamba maisha yake yote alisafiri karibu kilomita 9,600, sehemu kubwa kwa miguu.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilimpa medali ya fedha, na mwaka 1876 ikampa pensheni. Aliipokea mpaka alipofariki mwaka 1885.

Ufukwe bado upo

Speke alibatiza ziwa kwa jina la malkia. Stanley ana vitabu, Cameron ana ramani. Hakuna mlima, mto wala ziwa lililopewa jina la Bombay.

Mkazi wa Hasamba, wilayani Mbozi, akitaka kuyaona maji hayo hana haja ya kwenda Norway. Anapanda gari mpaka Tunduma, anashika barabara ya Sumbawanga, kisha anateremka mpaka Kasanga, mkoani Rukwa, sio mbali na maporomoko ya Kalambo yenye urefu wa zaidi ya mita 200.

Pale atakuta milima imeshika maji na wavuvi wamekaa kwenye mitumbwi. Cameron alipita kwenye maji hayo mwaka 1874. Na asingefika huko bila watu kama yule Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, akarudi, na kuwaonyesha wengine njia.