Júlia Lopes de Almeida, mwanamke aliyeandika kufilisika kwa mfanyabiashara

Ghala la kahawa katika mtaa wa São Bento, Rio de Janeiro, mwaka 1891. Wachukuzi weusi wanapishana na magunia mabegani, jua linachoma, harufu ya kahawa imejaa mtaa mzima. Hapo ndipo inapoanzia A Falência, yaani Kufilisika, riwaya aliyoitoa Júlia Lopes de Almeida mwaka 1901.

Alizaliwa jijini humo Septemba 24, 1862, kwa wazazi Wareno, akakulia Campinas, mji wa mashamba ya kahawa. Akiwa msichana aliandika mashairi kwa siri, mpaka dada yake akamchongea kwa baba. Mzee hakumkemea. Alimpa kazi ya kuandika gazetini kuhusu mwigizaji wa Kiitalia, na mwaka 1881 jina la Júlia likaanza kuonekana katika Gazeta de Campinas.

Mwaka 1887, akiwa Lisbon, aliolewa na mshairi Mreno, Filinto de Almeida. Walirudi Brazil mwaka uliofuata, ule ule utumwa ulipofutwa. Mwaka 1889 mfalme akaondolewa, na serikali mpya ikaruhusu mabenki kutoa noti na mikopo kwa wingi. Kampuni zilizokuwapo kwenye karatasi tu zikauza hisa, na watu wakatajirika ndani ya wiki. Kufikia mwaka 1891 povu lilikuwa limeanza kupasuka.

Francisco Teodoro, mhusika mkuu wa riwaya, alifika Rio kutoka Ureno akiwa kijana fukara, akapanda ngazi gunia kwa gunia. Kinachomponza si uvivu wala ulevi. Ni kumwona mwenzake wa mtaa huo huo akitajirika ghafla. Anashawishiwa kucheza kamari ya bei ya kahawa, anapoteza kila kitu, anajiua kwa risasi.

Waandishi wengi wangeishia kwenye maiti. Júlia anawafuata waliobaki: mjane Camila, ambaye hakuwahi kuoneshwa daftari la hesabu, na mabinti zake. Jumba linakwenda. Wanahamia kwenye nyumba ndogo ambayo marehemu alikuwa amempa Nina, mpwa waliyemlea nyumbani. Binti mkubwa, Ruth, anafundisha vinanda vya fidla kwa malipo. Mwanamume aliyekuwa akipendana na Camila kwa siri anagundulika kuwa ana mke, naye anamfukuza. Sehemu hii ndiyo bora kuliko zote kitabuni, kwani hasara ya sokoni inahesabiwa jikoni.

Júlia mwenyewe aliachwa nje ya hesabu. Alikuwamo katika mipango ya kuanzisha Chuo cha Fasihi cha Brazil, lakini kilipozinduliwa mwaka 1897 kwa mfano wa kile cha Ufaransa, wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Kiti namba 3 alikalia mumewe. Filinto hakujidanganya, alimwambia mwandishi wa habari aliyewatembelea kwamba aliyestahili kukaa pale ni mkewe.

Yeye hakuacha kalamu. Riwaya zake zilitoka kwanza magazetini, kipande kwa kipande, na baadaye akaigeukia jukwaa. Mwaka 1912 tamthilia yake Quem Não Perdoa, yaani Asiyesamehe, ilioneshwa katika Theatro Municipal ya Rio. Ndani yake mama anamuua mkwewe kulipiza kisasi cha binti aliyeuawa na mume huyo. Kwa mji uliozoea kuwaonea huruma waume wa namna hiyo, haikuwa burudani nyepesi.

Alifariki Rio Mei 30, 1934. Chuo kile kilimpokea mwanamke wa kwanza mwaka 1977, miaka 80 baada ya kuanzishwa: Rachel de Queiroz, naye mwandishi wa riwaya na tamthilia.