Robert Bunsen, mkemia aliyetambua elementi kwa rangi ya moto

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania na Kenya huingia maabara na kukabidhiwa chumvi isiyo na jina. Kazi yao ni kusema ndani yake mna nini. Wanaiyeyusha katika maji, wanadondoshea dawa moja baada ya nyingine, wanatazama mashapo yanayotuama na rangi yake, kisha wanaipeleka kidogo motoni. Moto wenyewe, pale penye gesi, hutoka katika kichomeo chenye jina la Mjerumani aliyefariki dunia mwaka 1899: Robert Wilhelm Bunsen.

Wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya kichomeo tu. Lakini kichomeo kilikuwa chombo alichokihitaji kwa kazi kubwa zaidi, nayo ni kujua kilichomo ndani ya kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Kazi hiyo nusura imuue, na ilimwachia jicho moja.

Mtoto wa Göttingen

Bunsen alizaliwa mwishoni mwa mwezi Machi mwaka 1811 katika mji wa Göttingen. Ujerumani wakati huo haikuwa bado nchi moja, bali mkusanyiko wa falme na miji iliyojitawala. Baba yake alikuwa profesa wa lugha na mkutubi katika chuo kikuu cha mji huo. Kijana huyo alisoma kemia kwa Friedrich Stromeyer, mtaalamu wa uchambuzi aliyegundua elementi ya kadmiamu mwaka 1817. Alipata shahada ya udaktari akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, kisha akasafiri Ujerumani, Ufaransa na Austria akitembelea viwanda, migodi na maabara.

Aliporejea alianza kufundisha Göttingen, na huko ndiko alikofanya ugunduzi wake wa kwanza mkubwa. Ulihusu sumu.

Chuma dhidi ya arseniki

Katika karne ya 19 arseniki ilikuwa sumu iliyoogopwa sana Ulaya. Unga wake ni mweupe, hauna harufu, na hauna ladha ya kumshtua anayeula. Aliyetiliwa kwenye chakula alitapika na kuharisha kama mgonjwa wa kipindupindu, na mara nyingi ilikuwa vigumu kuthibitisha mahakamani kwamba ameuawa. Mwaka 1836 ndipo mkemia wa Uingereza, James Marsh, alipotangaza kipimo kilichoweza kuonyesha hata chembe ndogo ya arseniki.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1834, Bunsen na daktari Arnold Adolph Berthold walikuwa wametangaza dawa ya kuizuia. Msingi wake ni uleule ambao mwanafunzi wa leo huutumia katika mtihani. Ukichukua myeyusho wa chumvi ya chuma na kuutilia amonia, hutokea mashapo ya rangi ya kutu. Bunsen aliona kwamba mashapo hayo, yakiwa mabichi, huinasa arseniki iliyoyeyuka na kuigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka. Sumu isiyoyeyuka haiingii kwa urahisi katika damu. Kwa miaka mingi baadaye madaktari waliwanywesha mashapo hayo watu waliolishwa arseniki.

Jicho lililopotea

Mwaka 1836 Bunsen alihamia mji wa Kassel kushika nafasi ya Friedrich Wöhler, na mwaka 1839 akaenda Marburg. Katika miaka hiyo alizama katika uchunguzi wa jamii ya vitu vinavyoitwa kakodili, ambavyo arseniki imeungana ndani yake na kaboni. Ni vitu vyenye uvundo mkali, vyenye sumu, na baadhi yake hushika moto vyenyewe vikikutana na hewa.

Utafiti huo ulimpa sifa miongoni mwa wanasayansi, lakini ulimgharimu. Aliwahi kuvuta mvuke wake, akaugua vibaya na kuponea chupuchupu. Siku nyingine chombo kililipuka mbele yake, kipande cha kioo kikampiga jicho la kulia, na jicho hilo halikuona tena. Baadaye aliachana na kemia ya aina hiyo. Mtu ambaye angekuja kuwa hodari wa kusoma rangi alifanya kazi hiyo kwa jicho moja.

Hakukaa bure. Mwaka 1841 alitengeneza betri iliyotumia kaboni badala ya platini, madini ya bei ghali, na hivyo akafanya umeme upatikane kwa gharama ndogo zaidi katika maabara. Mwaka 1846 alikwenda Iceland, baada ya mlima wa volkano wa Hekla kulipuka, akapima joto la maji ndani ya chemchemi zinazoruka angani na kueleza zinavyofanya kazi.

Moto usio na rangi

Mwaka 1852 Bunsen alipata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, na huko alibaki hadi kustaafu. Mji ulikuwa unaingiziwa gesi kwa ajili ya taa za barabarani, naye akataka gesi hiyo ifike katika maabara mpya aliyojengewa mwaka 1855.

Tatizo lilikuwa moto wenyewe. Gesi ikiwaka bila hewa ya kutosha, mwali wake huwa wa njano na hutoa masizi, kama kibatari. Unjano huo hutoka kwa chembe za kaboni zinazong'aa kwa joto, na hufunika rangi nyingine yoyote. Bunsen alitaka mwali mkali usio na rangi yake mwenyewe.

Wazo alilompa Peter Desaga, fundi wa vyombo wa chuo hicho, lilikuwa kuchanganya gesi na hewa kabla haijawaka. Gesi huingia kwa kasi kupitia tundu dogo chini ya bomba, nayo huvuta hewa kupitia matundu ya pembeni. Mchanganyiko hupanda na kuwaka juu. Matundu yakizibwa, mwali hurudi kuwa wa njano. Yakifunguliwa, huwa wa bluu hafifu na joto lake huongezeka. Wengine walikuwa wamejaribu mambo yanayofanana na hayo, akiwemo Michael Faraday wa Uingereza, lakini umbo lililotoka Heidelberg ndilo lililoenea duniani. Bunsen hakukisajili kichomeo hicho kama mali yake. Aliona kwamba mwanasayansi hapaswi kutajirika kwa ugunduzi wake.

Kwa nini rangi peke yake haitoshi

Kwa mwali huo, kipimo kikawa chepesi. Unachukua waya wa platini, unausafisha kwa asidi, unachovya katika chumvi na kuuweka motoni. Sodiamu hutoa njano. Potasiamu hutoa zambarau hafifu. Shaba hutoa kijani chenye bluu, bariamu kijani cha majani machanga, kalsiamu wekundu wa matofali.

Lakini kila aliyewahi kujaribu anajua shida yake. Lithiamu, strontiamu na kalsiamu zote ni nyekundu, na macho hudanganyika. Kubwa zaidi ni sodiamu. Iko katika chumvi ya mezani, katika jasho la vidole, katika vumbi la hewani, na unjano wake huimeza zambarau ya potasiamu. Tena rangi inataja chuma kilichomo, haitaji kilichoungana nacho. Chumvi ya jikoni na magadi hutoa mwali uleule wa njano, kwa kuwa vyote vina sodiamu. Ili kuvitofautisha lazima urudi kwenye dawa: magadi yakikutana na maji ya ndimu hutoa povu, chumvi haitoi.

Vipimo vya dawa vilikuwa tayari vimepangwa vizuri na Wajerumani wengine. Carl Remigius Fresenius alitoa kitabu cha uchambuzi mwaka 1841, chenye utaratibu wa kuzitenga chumvi kundi baada ya kundi, na utaratibu wa namna hiyo ndio unaofundishwa hadi leo. Nitrati ya fedha hutoa mashapo meupe kwa kloridi. Kloridi ya bariamu hutoa mashapo meupe kwa salfeti. Amonia nyingi huugeuza myeyusho wa shaba kuwa bluu iliyokolea. Hata hivyo, kitu kikiwa kidogo mno, mashapo hayaonekani.

Rafiki mwenye prizimu

Bunsen alijaribu kutazama miali kupitia vioo vya rangi ili kuuzuia unjano wa sodiamu. Mwanafizikia Gustav Kirchhoff, rafiki yake aliyehamia Heidelberg mwaka 1854, alimshauri njia bora: kuupitisha mwanga katika prizimu, kipande cha kioo cha pembe tatu kinachotawanya rangi kama upinde wa mvua.

Mwaka 1859 walianza kazi hiyo pamoja. Walitengeneza chombo cha prizimu na darubini ndogo, kinachoitwa spektroskopu. Walichokiona kilikuwa mistari myembamba, kila mmoja mahali pake. Lithiamu na strontiamu, ambazo kwa jicho tupu zote ni nyekundu, zilionyesha mistari tofauti kabisa. Kila elementi ilikuwa na mpangilio wake, kama alama za kidole cha mtu, na sodiamu haikuweza tena kuzificha nyingine.

Wataalamu wengine walikuwa wameiona mistari ya namna hii kabla yao. Bunsen na Kirchhoff ndio waliothibitisha, kwa chumvi alizozisafisha Bunsen kwa uangalifu mkubwa, kwamba mstari ni wa elementi yenyewe, iwe imeungana na nini. Uwezo wa chombo ulishangaza. Walilipua miligramu chache za chumvi ya sodiamu kwenye kona ya chumba, na baada ya muda mfupi mwali uliokuwa upande wa pili ukaonyesha mstari wa njano. Walipiga hesabu kwamba wametambua chini ya sehemu moja ya milioni tatu ya miligramu. Lithiamu, iliyodhaniwa kuwa adimu, waliikuta katika maji ya bahari, katika majivu ya tumbaku, katika maziwa na katika damu ya binadamu.

Tani 40 za maji kwa gramu chache

Mwaka 1860 Bunsen alichunguza maji ya chemchemi ya Dürkheim. Alizitoa kwanza chumvi alizozijua, kundi moja baada ya jingine, kwa dawa. Katika masalia aliona mistari miwili ya bluu ambayo haikuwa ya elementi yoyote iliyojulikana. Aliiita elementi hiyo siziamu, kutokana na neno la Kilatini la rangi ya mbingu.

Mstari wa bluu peke yake usingewaridhisha wakemia. Walitaka kitu cha kushikwa na kupimwa. Bunsen aliagiza zaidi ya tani 40 za maji hayo zikaushwe. Kutoka humo, kwa kutumia kloridi ya platini inayotuamisha potasiamu na jamaa zake, kisha kuyachemsha mashapo tena na tena ili potasiamu itoke kwanza, alibaki na gramu 7 hivi za chumvi ya siziamu. Mwaka uliofuata aliipata elementi nyingine, rubidiamu, yenye mistari ya wekundu mzito, katika jiwe liitwalo lepidoliti. Prizimu ilikuwa imemwonyesha pa kutafuta, lakini kazi ya kutafuta ilifanywa na mashapo na chujio.

Kirchhoff kwa upande wake alionyesha kwamba mistari myeusi iliyomo katika mwanga wa jua inalingana na mistari ya elementi za duniani. Kwa mara ya kwanza binadamu akawa na njia ya kujua jua lina nini. Njia hiyohiyo ikawasaidia wengine kugundua thaliamu mwaka 1861 na indiamu mwaka 1863.

Mwisho wa safari

Bunsen hakuoa. Maisha yake yalikuwa maabara, wanafunzi na matembezi milimani. Vijana walimfuata Heidelberg kutoka nchi nyingi, miongoni mwao Mwingereza Henry Roscoe, na Mrusi Dmitri Mendeleev naye aliishi mjini humo kwa muda kabla ya kupanga jedwali la elementi. Mwaka 1877 Bunsen na Kirchhoff walikuwa wa kwanza kupewa Nishani ya Davy ya Uingereza.

Alistaafu mwaka 1889, na akafariki dunia tarehe 16 Agosti mwaka 1899 mjini Heidelberg akiwa na umri wa miaka 88, miaka miwili kabla ya Tuzo ya Nobel kutolewa kwa mara ya kwanza. Neno ayoni, kwa maana ya chembe zenye chaji zinazoelea katika myeyusho, lilikuja kueleweka vyema mwishoni mwa maisha yake, kupitia Msweden Svante Arrhenius. Bunsen alikuwa amezitambua kwa miongo mingi kabla ya kuelezwa ni nini hasa.

Kwa miaka mingi hospitali zilipima sodiamu na potasiamu katika damu kwa kuinyunyiza motoni na kuupima mwanga wake. Maabara za maji na za migodi bado hutumia vyombo vilivyotokana na kazi yake. Na mwanafunzi anayeona mwali wa njano katika chumba cha mtihani anakutana na swali lilelile la Heidelberg: je, hiyo ni chumvi niliyopewa, au ni jasho la vidole vyangu? Jibu la Bunsen lilikuwa kuusafisha waya na kupima tena.