Tommy Douglas: Mchungaji aliyepigania matibabu ya wote Kanada

MGUU wa mtoto ulikuwa ukatwe. Mfupa ulikuwa umeoza karibu na goti, na wazazi wake, wahamiaji waliotoka Scotland kwenda Winnipeg, Kanada, hawakuwa na fedha za daktari bingwa. Akatokea daktari wa mifupa aliyehitaji mgonjwa wa kufundishia wanafunzi wake, akajitolea kumtibu bure. Mguu ukapona.

Mtoto huyo ni Thomas Clement Douglas, aliyezaliwa Falkirk, Scotland, Oktoba 20, 1904. Alikua akijua kwamba mguu wake aliupata kwa bahati tu, na kwamba watoto wengi wa maskini hawakuipata bahati hiyo.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akapigana ngumi hadi kuwa bingwa wa uzito mwepesi wa jimbo la Manitoba mwaka 1922, kisha akasomea uchungaji. Mwaka 1930 alipewa kanisa la Kibaptisti mjini Weyburn, jimbo la Saskatchewan. Ukame uliwakuta wakulima huko, na bei ya ngano ikaanguka. Mchungaji akawa anawazika watu wenye umri mdogo ambao daktari angewaokoa, kama wangekuwa na cha kumlipa.

Lakini wazo la kuchangia matibabu kabla ya kuugua halikuanza naye, na hapa ndipo wasifu wake mara nyingi husimuliwa vibaya. Wakulima wa Saskatchewan walikwisha kulianza wenyewe. Tangu miaka ya 1910, halmashauri ndogo ya Sarnia ilitoza kodi ili kumlipa daktari mshahara asiuhame mji. Nyingine zikaiga. Halmashauri jirani ziliungana kujenga hospitali ambazo hakuna hata moja ingeziweza peke yake.

Douglas aliingia chama kipya cha wakulima na wafanyakazi, CCF, akizunguka kijiji kwa kijiji na kuhutubia kwenye kumbi za shule. Alishindwa uchaguzi wa jimbo mwaka 1934, akashinda ubunge wa taifa mwaka 1935. Mwaka 1944 chama chake kilichukua viti 47 kati ya 52 vya jimbo, naye akawa waziri mkuu wa Saskatchewan.

Jimbo lilikuwa na madeni, na alijua kuhesabu. Hakuahidi kila kitu siku moja. Mwaka 1946 wakazi wa eneo la Swift Current, baada ya kupiga kura wenyewe, walianza mpango wao wa kulipia madaktari. Januari 1, 1947 jimbo zima likaanza bima ya hospitali kwa dola 5 kwa mtu kwa mwaka. Malipo ya madaktari kwa wote yalisubiri zaidi ya miaka kumi, hadi serikali ya Ottawa ilipoanza kuchangia gharama za hospitali mwaka 1958 na hazina ya jimbo ikapata nafasi.

Ndipo vita vilipoanza. Katika uchaguzi wa 1960 chama cha madaktari kilichangisha fedha kwa wanachama wake ili kuupinga mpango huo. Douglas alishinda. Mwaka 1961 alikwenda kuongoza chama kipya cha kitaifa, NDP, na mzigo akauachia mrithi wake, Woodrow Lloyd. Juni 1962 hasira za mpango huo zilimfikia: aligombea ubunge Regina, akaanguka.

Julai 1, 1962 sheria ilianza kutumika, na madaktari wengi wakafunga milango kwa siku 23. Wananchi waligawanyika. Wengine waliandamana kuwatetea madaktari wao, huku kina mama wakihofia watoto wataugua usiku bila msaada. Wengine walichangishana fedha kufungua kliniki za jamii, na madaktari kutoka Uingereza wakaja kusaidia. Julai 23 pande mbili zilikubaliana: daktari abaki na ofisi yake, mgonjwa atibiwe, mfuko wa umma ulipe. Lloyd hakupewa shukrani nyingi. Mwaka 1964 chama chake kilipoteza serikali.

Hata hivyo, mpango ulibaki. Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya matibabu mwaka 1966, na majimbo yakaanza kujiunga mwaka 1968. Douglas, aliyekuwa amerudi bungeni kupitia jimbo jingine, alifariki Ottawa Februari 24, 1986 kwa saratani. Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni walimchagua kuwa Mkanada mkuu kuliko wote.

Sheria ile ya 1966 iliyapa majimbo masharti kabla ya kupata fedha za taifa. Moja lilikuwa kwamba bima isiishie mpakani: mkulima wa Saskatchewan akienda kuuza ng'ombe Alberta na akaugua huko, jimbo lake ndilo linalolipa.